Saa ya Kutaja Hasara

Wakubwa wa chama chetu cha kambiste, yaani sisi tunaokaa barabarani kubadilisha dola na franka, wameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya wanaoanza. Wamesema niandike "siri za kutawala moyo kwenye biashara." Nilicheka mpaka nikaomba maji. Miaka yote niliyokaa kwenye meza yangu karibu na soko la Kasongo hakuna aliyeniuliza siri. Sasa nimeacha kazi, macho yamechoka, mpasuko mdogo kwenye noti siuoni tena, ndipo ghafla nimekuwa mwalimu.

Najua hizo siri mnakozitoa. Mnazitoa kwenye simu, kwa yule kijana mwenye suti aliyesimama mbele ya gari, anayewafundisha kuvuta pumzi kabla ya kununua. Vuteni pumzi, nani anawakataza? Lakini lile gari si lake. Hata mimi nisiyejua kuendesha naliona: ameliegemea kwa ncha ya bega, anaogopa mwenye gari asije akatokea.

Faida zangu sitaziandika. Mkijua nilichopata mtakuja kukopa. Vyeo pia sina vya kusema. Niliwahi kuwa mweka hazina wa chama, na kazi yenyewe ilikuwa kufukuzana na watu wazima kwa michango ya kununua turubai. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na yaliyompata Assumani mwaka ule dola iliposhuka. Hayo ndiyo nayajua.

Kabla ya meza nilikuwa nauza mafuta ya mawese. Mume wangu alikuwa mwalimu kwenye shule ya misheni, na serikali ilimlipa pale ilipomkumbuka. Siku moja Muzee Feruzi, kambiste wa zamani kuliko wote, alinunua mafuta kwangu, nikamrudishia chenji bila kuangalia mikono, huku nagombana na mwanamke wa meza ya pili kuhusu kivuli. Akasimama pale. Akaniuliza kama nikigombana huwa nakosea hesabu. Nikamwambia nikigombana ndipo nahesabu vizuri. Juma lililofuata nilikuwa nimekaa pembeni ya meza yake, na watu wa mtaani kwetu walishaanza kumuuliza mume wangu kama anaona ninachofanya.

Siku ya kwanza sikuruhusiwa kushika kitu. Nilikaa. Siku iliyofuata Muzee aliniachia meza akasema anakwenda kunywa chai. Hajafika hata mbali, akaja bwana mmoja mpole, mwenye kofia safi, na noti kubwa ya dola. Niliigeuza, nikaipapasa, nikaiweka juani, nikampa franka zake. Alipoondoka ndipo nikaona mpasuko chini kabisa, mdogo kuliko ukucha wa mtoto, pale ambapo kidole chake gumba kilikuwa kimekaa muda wote.

Mgeni anayesoma haya asishangae. Kwetu dola yenye mpasuko si dola. Inaweza kuwa imetoka kwenye mkono wa rais, ikiwa imechanika hakuna mwenye duka atakayeigusa. Wapo watu wanaozinunua zile mbovu kwa bei ya chini na kuzipeleka mbali, na wao wanaishi vizuri kuliko sisi.

Muzee aliporudi nikamwonyesha. Nilikuwa na hasira, nasema wazi, hasira na haya. Nikamwambia niachie, nitaificha katikati ya noti nzuri, atakuja mtu asiyeangalia, nitamupa.

"Unatafuta mujinga?" Muzee akaniuliza.

"Ndiyo, Muzee."

"Usisumbuke. Mujinga tumekwisha kumupata, iko anakaa kwenye kiti yangu." Akasogeza ile noti mbele yangu. "Nenda uiuzishe kwa wanunuzi wa mbovu. Sasa hivi. Hata wakikupa nusu."

Walinipa chini ya nusu. Nilirudi nimenuna. Jioni nikamwona yule bwana mwenye kofia safi amekaa kwa Muzee anakula karanga, wanacheka wote wawili. Alikuwa shemeji yake. Muzee alimtuma makusudi, na hasara yangu alikuwa ameilipa yeye kabla sijaipata. Alitaka kuona sura yangu nikipoteza, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu sura ya mtu akipata kila mtu anaijua, haina kazi.

Ndipo alinifundisha kutaja. Wanaoanza hawaijui desturi hii vizuri, wanadhani ni mchezo wa wazee, kwa hiyo nitaieleza. Jioni, kabla ya kukunja meza, kambiste wote wa mstari wetu tunasogeza viti pamoja. Waislamu wametoka alasiri, Wakristo wamemaliza kusema wanakwenda nyumbani na bado wapo. Aliyepoteza siku ile anasema kwa sauti: nimepoteza kiasi hiki. Basi. Wengine wanajibu kwa pamoja, "Imekwenda." Kesho hakuna ruhusa ya kuitaja tena, si yeye, si mwenzake, hata kwa utani.

Sheria moja tu ni ngumu. Huruhusiwi kusema "kwa sababu." Ukisema kwa sababu, unaanza upya. Papa Justin, mtu mnene wa kabila la Wazimba, mtu wa kanisani sana, aliyekuwa na meza ya tatu kutoka kwetu, jioni moja alianza upya mpaka watu wakakunja turubai zao. Nimepoteza hiki kwa sababu yule mteja. Anza upya. Nimepoteza hiki, mtandao ulikuwa. Anza upya. Nimepoteza hiki, na ninyi wote mnajua. Anza upya. Alipofaulu kusema kiasi peke yake alikuwa na jasho, akasema ana njaa. Kesho yake alifanya kazi vizuri kuliko sisi wote.

Mimi mwenyewe nilichukia desturi hii kwa miezi mingi. Hasara nilikuwa naiweza. Kusema mbele ya wanaume kwamba nimepigwa, na kisha nisiongeze hata neno la kujitetea, hilo lilinichoma. Muzee aliniambia kwamba feza ikishatoka, kinachobaki kwenye meza ni sababu, na sababu ndizo zinazomrudisha mtu kesho apoteze mara mbili. Nilimwona ananizungusha tu. Nilikuja kuelewa baadaye, nikiwatazama wengine wakiharibika.

Na nimewatazama wengi. Kuna yule aliyepigwa na mteja wa asubuhi akawalipiza wateja wote wa mchana, bei mbaya kwa kila mtu, mpaka wakahamia ng'ambo ya barabara. Kuna yule aliyepata faida kubwa siku moja akanunua kiti cha kuzunguka, cha ofisini, akakileta barabarani; kilizama kwenye tope siku ya kwanza ya mvua, naye juu yake. Kuna yule aliyekuwa anaomba Mungu apandishe bei. Nilimwuliza kama amefikiria kwamba mwenye kununua naye anaomba. Akasema hakufikiria.

Vyombo vya kazi si vingi. Meza ndogo inayobebeka. Mipira ya kufungia mafungu ya franka, ununue mingi, inakatika na joto. Sifongo yenye maji kwenye kifuniko, ili usilambe vidole. Kulamba vidole kunawachukiza wateja, na franka zetu zimepita mahali pengi. Mashine ya kuhesabia yenye vitufe vikubwa. Simu ya kupokea bei ya Kindu na ya Bukavu asubuhi, na uijue sehemu ya barabara ambapo mtandao unafika, maana usipoijua utaongea na bei ya jana. Wateja wa kutoka Kabambare wanaokuja na pikipiki wakiwa wekundu kwa vumbi, wape maji kwanza. Mtu mwenye kiu anakubali bei yoyote, kisha akishakunywa anarudi kugomba.

Sasa nifike kwa Assumani.

Assumani ni mtoto wa Muzee Feruzi. Alirithi meza ya baba yake Muzee alipofariki, na alikuwa tayari mtu mzima mwenye mke na watoto. Kwa kuwa mimi nilifunzwa na baba yake, aliniita Yaya Zuhura, dada mkubwa. Hakuwa mjinga. Alikuwa na kichwa chepesi cha bei kuliko sisi wote, na alijua hivyo, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Jioni ya kutaja alikuwa anakaa akitabasamu, hana cha kutaja, anatujibu sisi "imekwenda" kwa sauti ya mtu anayempa maskini sadaka.

Kwa Assumani kulikuwa na feza ya wanawake wa kijiji cha Wamaza. Hawa ni wakulima na wachuuzi wadogo, Wakristo wengi wao. Wanaleta karanga na mafuta Kasongo, wanauza, na feza hawataki kurudi nayo njiani, maana njia ile ina watu wanaoomba kwa bunduki. Basi wanaiacha kwa kambiste, franka zao, mpaka mavuno ya mpunga. Mpunga ukiiva wanakuja kuzichukua, wananunua kwa wakulima wenzao, wanaleta mchele mjini, na hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto na dawa za mwaka. Kiongozi wao alikuwa Mama Eliza, mwanamke mfupi, haongei sana. Aliwaacha wenzake wamwamini Assumani kwa sababu alimjua baba yake.

Na kambiste hufanya nini na franka za watu? Kila mmoja wetu alifanya vilevile. Unazigeuza kuwa dola, unazilaza. Franka inashuka kila mwaka, dola inapanda. Mavuno yakifika unageuza tena, unawarudishia franka zao kamili, na ile tofauti inabaki kwako kama malipo ya ulinzi. Wao hawakulalamika, sisi hatukulalamika. Ilikuwa rahisi mpaka tukasahau kwamba ni biashara. Tulidhani ni majira, kama mvua.

Mwaka ule dola ikashuka.

Asubuhi ya kwanza mtu wa Bukavu alipotupa bei kwenye simu tulimwambia arudie. Akarudia. Papa Justin akasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Mimi nilikuwa na dola zangu na dola kidogo za watu. Nasema wazi, niliogopa. Nikauza za watu zote siku ileile, nikajazia pengo kwa zangu, na jioni nikataja. Imekwenda, wakasema. Assumani alisema pia, kisha akaongeza pembeni, "Yaya amekuwa muoga. Tangu baba yangu, nani aliona dola ishuke? Itarudia tu."

Siku ile hasara yake ilikuwa na ukubwa wa mbuzi wawili. Nilimhesabia mwenyewe kwenye mashine yangu. Nikamwambia uza mbuzi wako wawili, jazia, taja, ulale. Akaniangalia kwa huruma.

Juma lililofuata pengo lilikuwa na ukubwa wa pikipiki. Nikamwambia tena. Sasa hakunitazama kwa huruma, alikuwa na hasira, akaniambia nikichunga meza yangu itatosha. Jioni hakusogeza kiti. Alisema ana wageni. Kesho yake akasema magoti yanamuuma. Kesho kutwa alisema anamwahi fundi wa paa. Mtu aliyekuwa anakaa pale akitabasamu miaka yote, sasa saa ya kutaja ikikaribia anakumbuka paa.

Nitawaambieni jambo moja, ninyi mnaotafuta siri za moyo kwenye simu. Hofu si kitu. Hofu inakufanya uuze mapema, unapoteza mbuzi wawili, unakula mboga. Assumani hakuwa na hofu. Alikuwa na tumaini, na alilitunza vizuri. Kila asubuhi alilipatia chakula: fulani wa Kinshasa amesema itapanda, fulani wa Kindu anakusanya dola, fulani ameota. Alinunua vocha za simu nyingi kuliko mchele wa nyumbani kwake. Mkewe, Mwamvua, aliniambia hilo sokoni huku akicheka, alidhani ni mambo ya kawaida ya kazi yetu. Sikumwambia kitu. Haikuwa kazi yangu kumvunjia mtu nyumba kwa mdomo, na pia niliona haya kwa niaba ya Assumani.

Kisha pengo likawa na ukubwa wa nyumba. Na Mama Eliza akatuma salamu kwa dereva wa pikipiki kwamba mpunga umeiva mapema na wanakuja kesho.

Asubuhi hiyo ya kesho nilimkuta Assumani amesimama kando ya pikipiki, dereva ameshawasha moto. Alikuwa amevaa koti zito juani, na chini ya koti kiuno kimenenepa. Nilijua kilichofungwa pale.

"Unaenda wapi?"

"Kabambare. Nanunua zahabu kwa wachimbaji, nauzisha Bukavu, kila kitu inarudia kwa safari moja."

"Wewe uliwahi kununua zahabu?"

"Watu wananunua, Yaya."

"Watu wanazaa pia. Nenda ukazae."

Akapanda. Kabla dereva hajaondoa mguu, nami nikapanda nyuma yake. Mimi si mwanamke mdogo. Pikipiki ilishuka mpaka chuma kikagusa gurudumu. Dereva akageuka akaniambia, "Mama, tutakufa wote njiani." Nikamwambia twende, nataka kuona hao wachimbaji watakavyomuuzia Assumani shaba iliyosuguliwa. Watu wakaanza kusimama. Mwanamke wa mihogo akauliza kama kuna harusi. Assumani alinisihi kwa sauti ya chini, akisema nisimfanyie haya mbele ya watu. Nikamjibu kwamba haya yake ndiyo iliyotufikisha hapa na sioni kwa nini niitunze.

Dereva alizima moto. Alisema kwa uzito huu anataka bei ya watatu, na alipwe mbele. Assumani akashuka. Alikaa kwenye kiti cha baba yake akiwa na koti lake mpaka mchana, jasho linamtiririka, hakubadilisha hata noti moja. Nilikuwa namwangalia na nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumletea maji, na nikamletea, lakini nilimwekea kwa kishindo.

Wanawake wa Wamaza walifika wakati tunasogeza viti. Walikuwa watano, wekundu kwa vumbi, Mama Eliza mbele. Tuliwapa benchi. Hawakujua desturi yetu, walidhani ni kikao cha chama, wakakaa kwa adabu wakingoja tumalize.

Papa Justin alimwangalia Assumani. Mimi nilimwangalia. Mstari mzima ulijua.

Assumani akasimama. Akafungua koti, akatoa mkanda wa nguo uliojaa zile dola, akauweka mezani. Akasema, "Feza ya hawa mama niliigeuza dola. Dola imeshuka. Nimepoteza." Akataja kiasi. Nilingoja aseme kwa sababu. Hakusema. Alitaja vizuri, alitaja kuliko baba yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote nilimpenda yule mtu kama ndugu wa tumbo moja.

Mazoea ni mabaya. Papa Justin alifungua mdomo, na sisi wengine pamoja naye, tukajibu: "Imekwenda."

Mama Eliza akasimama.

"Imekwenda wapi?" akauliza.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Ninyi mumekaa hapa, munasema imekwenda, munasema kama watu wa kanisa. Nani aliwapa ruhusa ya kuitika? Ile si feza yenu." Hakupaza sauti. "Assumani, sisi hatukupoteza kitu. Tulikuachia franka. Tumekuja kuzibeba. Kama kuna kitu imekwenda, ni yako."

Mimi nimetukanwa na wateja, na walevi, na polisi, na mama mkwe. Sijawahi kuona haya kama jioni ile. Miaka yote ile tulikuwa tunajisifu kwamba tunajua kukubali hasara, na kumbe tulikuwa tayari kukubali na za watu wengine, kwa sauti moja, tukakunja meza tukaenda kula. Hata Muzee Feruzi, Mungu amrehemu, hilo hakuliona. Au aliliona, na dola ikawa inapanda, akaliacha.

Tukaenda nyumbani kwa Assumani, wote, wanawake wa Wamaza na mimi na Papa Justin. Ile nyumba ilikuwa ya Muzee, nyuma ya msikiti, ya matofali ya kuchoma, yenye baraza. Assumani akamweleza Mwamvua pale uani, yote, na Mwamvua akasikiliza akiwa ameshika mwiko. Kisha Assumani akatugeukia. Akasema nyumba ipo, hakatai, itauzwa. Ila sasa hakuna wanunuzi wazuri, bei ya parseli, yaani kiwanja na nyumba yake, iko chini, tungojee kidogo mpaka baada ya mvua, itapanda.

Papa Justin akaangalia chini. Mimi nilicheka. Sikujizuia, na kilikuwa kicheko kibaya.

Mwamvua hakucheka. Aliweka mwiko, akaingia ndani. Akatoka na sufuria kubwa, akaiweka katikati ya uwanja. Akarudi, akatoka na mkeka na taa. Akarudi tena. Alipotoka na godoro Mama Eliza aliamka akamsaidia upande mmoja, na wale wengine wanne wakaingia ndani kubeba viti, kama wanawake wanavyofanya kwenye msiba au harusi. Assumani alisimama akiangalia nyumba ya baba yake ikitolewa chombo kimoja kimoja. Mwishoni akavua koti, akaenda kushika meza upande wa pili.

Iliuzwa kwa mwenye duka mmoja, kwa bei ambayo hata yeye mwenyewe aliona haya kuitaja. Ilitosha. Wanawake walibeba franka zao zote na wakawahi mpunga. Tangu hapo mstari wetu una sheria mpya, na najua wanaoanza mnailalamikia kwamba haina faida: franka za mtu zinalala franka. Mkiona haina faida, msipokee feza za watu. Uzeni mafuta ya mawese, ni kazi nzuri, niliifanya.

Assumani hakurudi kwenye meza. Anaendesha pikipiki ya kukodi, njia ya Wamaza, anabeba mchele wa akina Mama Eliza, kwa bei wanayoipanga wao. Anaishi chumba kimoja na Mwamvua na watoto. Amekonda, na mgongo unamsumbua kwa ajili ya ile njia.

Mwaka jana, kabla sijaacha kazi, mnunuzi mmoja wa zahabu kutoka Kabambare alikuja kuitaka ile parseli ya nyuma ya msikiti, akamlipa yule mwenye duka kiasi kilichofanya mji mzima uongee. Kambiste wawili, nawajua na wanasoma haya, walimkimbilia Assumani kumpa habari. Nilikuwa hapo. Alikuwa amefika tu, anafungua kamba za magunia. Wakamtajia bei, wakamwambia angengoja kidogo tu, kidogo tu, leo angekuwa tajiri. Walikuwa wanamwangalia usoni kama baba yake alivyoniangalia mimi.

Assumani alimaliza fundo alilokuwa analifungua.

"Mupunga ulikuwa umeiva," akasema. "Shika gunia upande ule."